Mama Apelekwa Baharini

Mama yangu amezeeka bila kulala hotelini hata siku moja. Alitulea Tanga kwa vitumbua na samaki wa kukaanga, akazika mume, akasomesha watoto, na safari zake zote zilikuwa za harusi, za msiba au za hospitali. Alipokuja kututembelea Leicester, baridi ya Januari ikamkamata magoti. Asubuhi alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, huku akituitikia kwamba hajambo. Usiku mmoja mume wangu akaniita jikoni, akafunga mlango. "Mama watoto," akasema, "tumtoe Mama. Tumpeleke penye jua na bahari, akae ahudumiwe."

Nililitaka jambo hilo kwa moyo wangu wote. Kazi yangu ni kuhudumia wazee wa watu katika nyumba ya wazee. Naosha migongo, nasukuma viti vya magurudumu, nakata kucha. Mume wangu ni dereva wa basi. Fedha ya likizo kwetu haipatikani kwa mshahara wa mwezi. Hii ilitoka kwenye mchezo wa kuchangiana ninaocheza na kina mama wenzangu hapa mjini, na zamu yangu iliangukia mwanzoni mwa mwaka.

Tarehe tulichaguliwa na shule. England, mzazi akimtoa mtoto shuleni bila ruhusa ili aende likizo, anaweza kutozwa faini, na tangu Agosti 2024 faini hiyo ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, tena hiyo ni kwa atakayelipa ndani ya siku 21. Ukichelewa inakuwa 160. Wazazi wawili, watoto watatu: pauni 480 hata ndege hujaiona. Ndiyo maana familia zote husubiri wiki ileile ya mapumziko ya Februari, na ndiyo maana wiki hiyohiyo bei hupanda. Nimewahi kusikia wakubwa wakisema kwamba wazazi wa hali ya chini hawajui kupanga safari zao mapema. Wanajua. Kalenda ndiyo haijawaachia nafasi.

Tulichoweza kumudu kilikuwa Hurghada, kule Misri, kwenye Bahari ya Shamu. Machi 2024 serikali ya Misri iliiachia pauni yake sokoni, na dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa pauni 31 hivi za Kimisri ikafika karibu 50. Mwenye fedha ya Ulaya akaona hoteli za huko zimekuwa rahisi. Upande wa pili wa jambo hilo nilikuja kukutana nao chumbani kwetu, nitaufikia. Kwenye tangazo tuliahidiwa vyumba vinavyotazama bahari, ufuo wa hoteli yenyewe, bwawa lenye maji yaliyopashwa moto, na kula na kunywa bila kulipa zaidi. Kwangu mimi neno zito lilikuwa lile bwawa la maji ya moto, kwa sababu ya yale magoti. Mume wangu alipendezwa na jingine: tunakwenda nchi ya Waislamu, nyama halali, adhana inasikika, Mama atajiona yuko kwa watu wake.

Tukamwombea Mama viza ubalozini London mapema. Sisi na watoto, kwa paspoti zetu za Uingereza, tulinunua stika uwanjani kwa dola 25 kila mmoja. Tulitua usiku. Basi likatupitisha kwenye barabara pana yenye nyumba zilizoachwa katikati ya ujenzi, nondo zimechomoza juu ya paa, moja baada ya nyingine, na nyuma yake jangwa tupu. Mama alikaa dirishani na mjukuu wake wa mwisho, anayemwita "bwana'angu". Kila taa ikitokea alimwambia, "Pale, bwana'angu, pale ndipo kwetu." Na mtoto anaamini.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa wa marumaru na taa nyingi. Wakatufunga bangili za plastiki mkononi. Ya Mama ikawa inabana, wakaambiwa, wakasema ndizo zilizopo. Vyumba vilikuwa nyuma kabisa, ghorofa ya tatu, na lifti haifanyi kazi. Mume wangu alimpandisha Mama ngazi kwa kumshika kiuno, wakipumzika kila kituo, na Mama anamwambia, "Nenda na mabegi, baba, mimi nitafika." Mlango ulipofunguliwa harufu ya unyevu ilitupokea. Kona ya juu ya ukuta ilikuwa nyeusi kwa kuvu, na rangi mpya imepakwa juu ya kuvu lenyewe. Kiyoyozi kilitoa hewa baridi tu, kitufe cha joto hakikufanya lolote. Bomba la kuogea lilidondosha maji yenye munyu. Hili la munyu sikuwalaumu: Hurghada ni mji wa jangwani usio na mvua ya kutegemea, maji yake hutoka mbali kwa mabomba kutoka Mto Nile au husafishwa kutoka baharini.

Kulipokucha tukafungua pazia kuitafuta bahari. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa jengo la pili na matangi ya maji juu yake. Ukiinama upande wa kulia wa roshani, ukanyoosha shingo, unakiona kipande cha buluu kati ya majengo mawili. Mwanangu wa kati alikipiga picha. Picha hiyo ilikuja kutufaa.

Na ufuo? Ufuo ulikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mbali, katika eneo la hoteli nyingine yenye mwenye mali mmoja. Basi dogo linakwenda huko kwa saa zake. Ukichelewa unangoja jua kali au upepo, vyovyote itakavyokuwa. Viti vya kulalia vya mbele ni vya wageni wa hoteli ile; sisi wa bangili ya rangi yetu tulielekezwa nyuma, kwenye ua wa matete uliosimikwa kuzuia upepo. Ukiketi hapo unaona matete. Mama aliketi, akatazama yale matete kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bahari wameificha?"

Tulimshika mikono tukampeleka majini. Alizaliwa Raskazone, baba yake alikuwa mvuvi, na mguu wake unajua bahari kuliko macho yangu. Alikanyaga mara mbili tatu akasema, "Hapa pamefukiwa. Huu mchanga umeletwa." Kweli umeletwa. Hurghada ilikuwa kijiji cha wavuvi, na hoteli zilipozidi kujengwa katika miaka ya 1980 na 1990, sehemu kubwa ya mwamba wa ufukweni ilifukiwa kwa kifusi na mchanga ili viti vipate pa kukaa. Tope la ujenzi likayaua matumbawe ya karibu. Wapiga mbizi wa mji huo walipoona hali hiyo waliunda chama chao, HEPCA, mwaka 1992, kikafunga maboya ili mashua zisitupe nanga juu ya matumbawe yaliyobaki. Mama hakuwa na haja ya kusimuliwa historia hiyo. Alingoja pia maji yapwe, kama yanavyopwa Tanga wakati wa bamvua, zaidi ya mita tatu, ukatembea mwambani kuokota chaza na kutazama pweza. Pale maji hupanda na kushuka chini ya mita moja, kwa hiyo hayakwenda popote. "Hii bahari haipumui," akasema.

Halafu upepo. Nieleze kuhusu upepo, maana hakuna tangazo lililoutaja. Unashuka kutoka kaskazini kupitia Ghuba ya Suez, umebanwa kati ya milima ya Sinai na milima ya Jangwa la Mashariki, na unapofika Hurghada umekwisha kupata nguvu. Wamisri wamejenga mitambo mikubwa ya umeme wa upepo kule Zafarana na Gabal el-Zeit kwa sababu ya upepo huohuo, na wenye vishada vya kuvutia ubao majini huja kutoka Ulaya kuufuata. Kwa wenye vishada ni neema. Kwa mwanamke mzee aliyekuja kupasha magoti, Februari, mwenye kanga mbili na sweta la mwanawe, ni mateso. Safari ya mashua ya kwenda visiwa vya Giftun, ambako ndiko matumbawe mazima yaliko, tuliilipia na haikwenda. Bandari ilifungwa kwa upepo. Nakubali, bahari haina ahadi na mtu, na nahodha anayekataa kutoka siku ya hatari nampa heshima yake. Ila fedha ile tulirudishiwa nusu, kwa maelezo ambayo hatukuyaelewa.

Likabaki bwawa.

Mama alishuka asubuhi moja akiwa na furaha, amevaa suruali ya pamba, gauni la mikono mirefu na kilemba. Binti yangu mkubwa, aliye na miaka kumi na mitatu, alifuatana naye ndani ya vazi lake jipya la kuogelea la kusitiri mwili mzima. Alilichagua mwenyewe, rangi ya bluu ya bahari. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Mashine ya kupasha moto ilikuwa imekufa tangu kabla ya sisi kufika. Hata hivyo Mama aliketi kwenye ngazi ya kwanza, akaingiza miguu, akaanza kuikanda. Mlinzi wa bwawa akaja. Alikuwa kijana mdogo, na aliona haya. Sitasahau kwamba aliona haya. Akatuonyesha bango. Kwenye bango palikuwa na picha za nguo: zenye alama ya kijani zilikuwa ndogo, na ile yenye mstari mwekundu ilikuwa vazi lilelile alilovaa binti yangu.

Mama hakubishana. Alimtazama kijana yule akamsalimu kwa Kiarabu cha chuoni, akaitikiwa vizuri. Kisha akaniuliza mimi, "Kwani miguu yangu imewachafulia maji?" Nikakosa la kusema. Akainuka kwa kushika mkono wa mjukuu wake, maji yanachuruzika kwenye suruali, watu waliovaa karibu na utupu wamelala pande zote mbili wanatutazama tukipita. Binti yangu alipanda chumbani, akavua lile vazi, akalikunja akaliweka chini kabisa ya begi. Jioni hakushuka kula.

Nimepokea mengi maishani mwangu ugenini na nimejifunza kuyapima lipi la kubeba na lipi la kutua. Hili sikulitua. Kuvu ukutani ni uchakavu, lifti iliyokufa ni uchakavu, kuku yuleyule wa mchana anayerudi usiku na mchuzi mwingine ni ubahili. Lakini kumwinua mwanamke mzee majini kwa sababu amejisitiri, katika mji ambao wanawake wake wenyewe hujisitiri hivyohivyo wanapokwenda sokoni, ni kumwambia kwamba mahali hapa palijengwa kwa ajili ya mtu mwingine, na yeye, pamoja na fedha yake, amepenya tu. Na nchi ni yao, dini ni yake, bahari ni ya Mungu.

Usiku ule kwenye ukumbi wa mapokezi kulikuwa na mgeni mmoja anamfokea kijana wa usafi kwa sababu ya taulo. Alimfokea kwa Kiingereza cha kwetu, cha Midlands, ninachokisikia kazini. Kijana amesimama, mikono nyuma, anasema samahani. Alikuwa ndiye anayesafisha chumba chetu, ambaye kila siku alimkunjia mwanangu taulo kwa umbo la mnyama, siku moja bata, siku nyingine tembo. Tulikuwa tumeshazungumza naye kidogo, kwa Kiingereza chake, Kiarabu cha Mama na mikono. Anatoka Sohag, kule juu ya Nile, kama wengi wa wenzake wanaotoka Sohag, Qena na Luxor. Anakaa wiki kadhaa bila kwenda kwao, analala bwenini na wenzake, kisha anapewa siku chache za kumwona mama yake. Mshahara wake ni wa pauni za Kimisri. Pauni ilipoporomoka ile Machi, sisi wa Leicester tuliona bei ya likizo imeshuka. Yeye aliona mafuta ya kupikia, sukari na nauli ya kwenda Sohag vimepanda. Hiyo ndiyo bei rahisi tuliyoifurahia kwenye simu, jikoni, mlango umefungwa.

Mimi pia hufokewa. Hufokewa kwa uji uliopoa ambao sikuupika, kwa upungufu wa watu wa zamu ambao sikuupanga. Wenye kupanga wako ofisini, na simu zao hazipokelewi jioni. Nilimwambia mume wangu kwamba katika familia hii hakuna atakayepandisha sauti kwa yeyote aliyevaa sare ya hoteli. Malalamiko yetu yatakwenda kwa aliyepokea fedha yetu.

Asubuhi tukamtafuta mwakilishi wa kampuni iliyotuuzia safari. Anafika siku maalumu, anaketi kwenye meza ndogo na vipeperushi vya safari za ngamia. Mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, alimpa shikamoo ya Kiingereza, akaketi, akamwekea picha mezani: kuvu, matangi, kipande cha buluu, kipimajoto ndani ya bwawa, bango. Akaomba aandikiwe kwamba tumelalamika, na tarehe, na sahihi. Alijua analofanya. Sheria ya Uingereza ya safari zinazouzwa kwa jumla, ya mwaka 2018, inasema kampuni iliyokuuzia safari nzima ndiyo inayowajibika kwa kila huduma iliyomo, hata huduma hiyo ikitolewa na hoteli ya nchi nyingine. Nawe unatakiwa utoe taarifa bila kuchelewa, ukiwa bado uko huko. Ukirudi nyumbani ndipo ulalamike, watasema hukuwapa nafasi ya kurekebisha. Nawasihi wenzangu walishike hilo. Mwakilishi alisema hoteli imejaa, hakuna vyumba vingine. Aliandika, akatia sahihi.

Baada ya hapo tuliiacha hoteli ijikalie. Chakula tulikuwa tumeshakilipia, lakini mume wangu alisema Mama hakuja kutazama matete. Tukapanda gari dogo la abiria na wenyeji hadi El Dahar, mji mkongwe. Ilikuwa Shaaban, Ramadhani inakaribia, na maduka yote yametundika taa za rangi, zile fanusi za Kimisri, mlangoni na juu ya barabara. Wauzaji walimwita Mama "hagga" kwa heshima, wakamtolea kiti. Kila duka kiti. Alikaa kwenye viti hivyo siku nzima, na sikumbuki lini nilimwona amekaa hivyo, mgongo umenyooka, anaulizwa khabari za kwao na anajibu.

Tulikula koshari, wali na dengu na tambi na vitunguu vya kukaanga, tukashiba kwa fedha ndogo mno. Tukaenda kuswali msikiti wa El Mina, karibu na bandari ya wavuvi, jengo jeupe lenye minara miwili. Halafu soko la samaki. Hapo Mama alituacha nyuma, magoti aliyasahau. Alipita meza kwa meza akiita samaki kwa majina: huyu changu, huyu pono, huyu chewa, huyu kolekole, na muuzaji anamjibu kwa majina yake, wanacheka. Alifunua mashavu akatazama rangi, akakataa wawili, akachukua watatu, akapunguziwa bei kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua yote. Duka la pembeni wakatuchomea, samaki amepakwa pumba za ngano hadi ngozi inakuwa nyeusi, ndani nyama nyeupe laini, pamoja na wali wa rangi ya kahawia wa vitunguu vilivyoungua. Mama alikula kichwa chote. Binti yangu alikula pia, akaomba tena.

Siku ya kuondoka nilimpa kijana wa Sohag bahasha mkononi, yeye mwenyewe, na Mama akamtuma salamu kwa mama yake. Lifti ilikuwa bado haifanyi kazi. Alimbebea Mama begi lake hadi chini.

Leicester tuliandika barua. Tuliandika mambo matatu yaliyoahidiwa na hayakuwepo, yaani mandhari ya bahari, ufuo na maji ya moto, na jambo la nne ambalo hakuna aliyetuonya kabla ya kupokea fedha zetu, yaani bango la bwawani. Kwanza walitutumia vocha ya kupunguziwa bei ya safari nyingine. Mume wangu aliirudisha, akawaandikia kwamba anadai fedha. Wakajibu kwa fedha, kiasi kidogo. Akakikataa kwa heshima, akaambatanisha ile karatasi yenye sahihi ya mwakilishi wao. Wakaongeza. Hatukupata tulichodai, ila tulipata cha kumnunulia Mama tiketi ya kurudi Tanga kwa ndege isiyomlaza uwanjani, na akaondoka kabla ya Idi.

Kuhusu bango walijibu sentensi moja, kwamba ni utaratibu wa usafi wa hoteli. Sikukubali jibu hilo. Nimewauliza ni usafi gani unaochafuliwa na kitambaa cha kuogelea kilichonunuliwa dukani Leicester, na kwa nini utaratibu huo haukuandikwa kwenye tangazo lililotuonyesha bwawa. Barua ya mwisho ameiandika binti yangu mwenyewe, nami sikumsahihisha neno. Ameweka jina la bibi yake juu, lake chini. Bado hawajajibu, na Jumatatu tutawaandikia tena.